Matairi Mapana

Mume wangu alipatwa na kiharusi msimu wa kuvuna pamba, asubuhi, akiwa anapiga mswaki nyuma ya nyumba yetu pale Somanda, Bariadi. Nilisikia kikombe kikianguka. Nilipotoka nilimkuta ameketi chini, ameegemea ukuta, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hospitali haiko mbali na kwetu. Majirani walinisaidia kumpakia kwenye gari lake mwenyewe, nikaendesha mimi.

Alilazwa wiki tatu. Alirudi anatembea kwa fimbo, mguu mmoja akiuburuza, na maneno yalikuwa yamemtoka, Kiswahili na Kisukuma kwa pamoja, kama gunia lililokung'utwa. Yaliyobaki yalikuwa matatu tu: "haya"; "mayu", ambalo kwetu ni mama; na "yaya", ambalo kwa Kisukuma ni hapana. Daktari alisema akili yake ni nzima, anaelewa kila kitu, ila njia ya kutolea maneno ndiyo iliyoziba. Nililielewa hilo kwa masikio. Kwa moyo nilichelewa sana kulielewa.

Riziki yetu ilikuwa gari lile, pikapu ya zamani yenye miguu mirefu, ambayo mume wangu aliinunua baada ya miaka mingi ya kuwaendeshea wanunuzi wa pamba. Alipeleka bidhaa kwenye maduka ya vijijini, akabeba watu na mizigo ya mnadani, na wakati wa mvua, mabasi yanapogoma, yeye ndiye aliyekuwa akipita. Mimi alinifundisha kuendesha zamani, tukiwa bado vijana, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Niliendesha vizuri, lakini mjini tu na kwenye barabara kavu. Sasa ilibidi niendeshe kote.

Kufika Oktoba matairi yalikuwa vipara. Kashata zote, yale mabonge ya mpira yanayong'ata ardhi, zilikuwa zimeisha. Miaka yote kazi ya kuchagua matairi ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa akienda nayo taratibu mno, kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari, nami nilikuwa nikikaa kivulini na soda yangu nikimwombea amalize. Sikuwahi kumuuliza anatazama nini. Ningeuliza ya nini, wakati yupo?

Tulikwenda pamoja kwenye duka moja jipya la matairi pale Bariadi mjini. Muuzaji alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, Kiswahili chake cha Dar es Salaam. Alimkalisha mume wangu kwenye kiti cha plastiki, kisha akageuka kwangu.

"Mama, gari linakwenda wapi zaidi?"

"Meatu, Itilima, vijijini huko. Na mvua ndiyo hiyo inakuja."

"Basi usihangaike. Unataka kitu kipana." Aligonga tairi moja kubwa, jeusi, linalong'aa. "Bata hazami matopeni kwa sababu gani? Mguu mpana. Hili linaelea, mama. Na ringi zake ninazo."

Matairi yale yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Yalilifanya gari lionekane kama limejaza kifua. Muuzaji alipandisha jeki, akafunga moja mbele ili nione. Mume wangu akanyanyuka kwenye kiti chake, akaja na fimbo hadi pale, akainama kwa shida. Aliingiza vidole vya mkono wa kushoto kati ya tairi na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu kwa juu. Vilipita kwa kushindilia, ncha tu. Akapitisha kidole gumba kwenye mifereji ya tairi, ile nafasi iliyo kati ya kashata na kashata. Ilikuwa myembamba, imebanana. Akaniangalia.

"Yaya," alisema.

Muuzaji akatazama huku na huku. "Mzee anamwita yaya? Mmekuja na yaya?"

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Nilijua kabisa maana ya neno lile, nimezaliwa nalo, na nilicheka na mgeni asiyelijua, mume wangu akiwa ameinama kati yetu. Akasema mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, "Yaya," na kugonga madigadi kwa kifundo cha kidole.

"Mzee anachoka upesi," nikamwambia muuzaji. "Funga tu yote manne."

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonisukuma. Aibu ilikuwemo, ya kusimama dukani na mtu anayesema neno moja. Kiburi pia kilikuwemo. Tangu augue, kila mtu alikuwa akiniuliza kama nitaweza. Madereva wenzake pale stendi waliuliza, kaka zangu waliuliza, hata mchungaji aliuliza. Nilitaka kufanya jambo moja kubwa kwa akili yangu, na nilitaka lionekane. Kweli lilionekana. Nilipoliingiza gari stendi madereva walipiga miluzi. "Mama, gari limevaa viatu!" Nilitabasamu. Mume wangu aliyekaa pembeni yangu alikuwa akitazama nje.

Wiki za kwanza mvua zilikuwa za kubahatisha na matairi hayakunipa shida yoyote. Kwenye luseni, udongo wetu wa mchanga, yalipita kama yanavyosifiwa. Nikaanza kuamini kwamba muuzaji alikuwa sahihi, na kwamba mume wangu alikuwa amekasirika tu kwa kupokonywa kazi yake.

Mwezi Januari, siku ya Jumanne asubuhi, wifi yangu alinipigia simu kutoka Kimali. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na mama yao, ambaye alikuwa mzee sana na alikuwa ameugua tangu Krismasi.

"Wifi, njooni leo," alisema. "Msingoje kesho. Mama anamuulizia mwanaye tangu alfajiri. Kila mlango ukilia anasema, huyo amefika?"

Nilipomwambia mume wangu alikwenda kuvaa shati mwenyewe. Kwa mkono mmoja ilimchukua muda mrefu, na alikataa nimsaidie vifungo. Tukaondoka saa tatu. Kwa gari letu, barabara ikiwa kavu, Kimali ni mwendo wa saa chache tu. Nilihesabu kwamba saa saba mchana atakuwa amekaa kando ya kitanda cha mama yake.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshaingia Meatu. Haikuwa kubwa sana. Ilinyesha nusu saa hivi, ikapungua, ikabaki manyunyu. Lakini tulikuwa tumeingia kwenye mbuga, ile ardhi nyeusi tambarare inayopasuka nyufa kiangazi na kugeuka gundi ikilowa. Kila mtu wa kwetu anaijua mbuga. Ukitembea ndani yake viatu vinakuwa vizito kwa tope, mpaka unavivua na kuvibeba mkononi. Nilikuwa nimeitembea kwa miguu maisha yangu yote. Kuiendesha ikiwa imelowa, sikuwahi.

Kwanza usukani ukawa mwepesi. Niliukata kushoto, gari likaendelea kwenda mbele. Nilikanyaga breki kidogo, likaanza kwenda ubavu, taratibu, kama mtu anayeteleza akiwa usingizini. Nikaingiza gia ya kusukuma magurudumu yote manne. Tulisogea hatua kadhaa, kisha nikasikia harufu ya kitu kinachoungua na gari likasimama lenyewe, injini ikinguruma. Nilidhani kuna kitu kimevunjika.

Niliposhuka ndipo nikaona. Tope lilikuwa limejaza ile mifereji myembamba ya matairi, kashata hazionekani tena. Yalikuwa laini kama mtungi uliosiribwa. Tena lilikuwa limepanda juu na kujishindilia kati ya tairi na madigadi, pale ambapo vidole vya mume wangu vilipita ncha tu, mpaka magurudumu ya mbele yameshindwa kuzunguka. Hayakuzama, kweli. Muuzaji hakudanganya kuhusu kuzama. Yalielea juu ya utelezi na hayakung'ata chochote, na nafasi ya kutema tope haikuwepo.

Nilisimama mvuani nikitazama ule upenyo uliojaa. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nilichukua jembe nyuma ya gari, nikaanza kuchokonoa. Tope la mbuga halichimbiki. Linanata kwenye jembe, unalibandua kwa mkono, linanata mkononi. Nilisafisha gurudumu moja, nikapanda, gari likasogea urefu wa mtu aliyelala, likajaza tena. Nilifanya hivyo mara tano au sita. Kisha likateleza kuelekea mtaroni na kulala upande, tumbo likakaa kwenye ukingo. Saa ya simu yangu ilionyesha saa saba na dakika chache.

Mlango wa upande wake ukafunguka. Nilimpigia kelele asishuke, akashuka. Mguu mbovu ulizama, akaanguka chali taratibu, fimbo ikabaki imesimama peke yake kwenye tope. Nilimvuta, lakini sikuweza kumnyanyua mtu mzima kwenye utelezi ule. Akajiburuza mwenyewe hadi kwenye gurudumu la mbele, akaketi hapo, akaanza kukwangua tope kwa mkono wa kushoto. Niliketi upande wa pili nikakwangua pia. Hatukutazamana.

Mke na mume waliokuwa wakipalilia shamba lao la pamba walituona kwa mbali. Mwanamke alikuja kwetu, mwanamume akaenda moja kwa moja nyumbani kuleta ng'ombe wa plau. Mwanamke yule alitusalimu kwa Kisukuma, mimi nikaitika. Alipomwona mume wangu namna alivyokaa, alivua khanga yake ya juu akamfunika mabega.

"Mnakwenda msibani?" akauliza.

"Hapana. Tunakwenda kumwona mama yake. Anaumwa."

Alipiga magoti akaanza kukwangua pamoja nasi.

Simu iliita tukiwa bado tunawasubiri ng'ombe. Mikono yangu ilikuwa na tope, nikaibonyeza kwa kifundo cha kidole na kuilaza begani. Wifi yangu hakusalimia. Alisema, "Wifi, mko wapi?" kwa sauti ambayo ilikuwa imeshanijibu kabla sijamjibu. Nikamwambia tumekwama. "Basi msikimbie tena," alisema. "Njooni taratibu."

Mume wangu alikuwa ananiangalia. Uso wake upande mmoja ulikuwa umelegea tangu ugonjwa, lakini macho yalikuwa yake yaleyale.

"Mayu?" aliuliza.

"Ametutoka," nikasema. "Sasa hivi tu."

Nilitegemea kilio. Yeye alirudisha mkono kwenye gurudumu akaendelea kukwangua, akachimba kwa kucha ule upenyo wa madigadi, bonge kwa bonge, akiliweka kila bonge pembeni. Yule mwanamke alimshika mkono amzuie, nikamwashiria amwache. Aliendelea hadi ng'ombe walipofika.

Walikuja ng'ombe wanne na minyororo ya plau. Walituvuta kutoka mtaroni, wakatuvuta pia kipande chote cha mbuga kilichobaki hadi ardhi ilipoanza kuwa ya mchanga, yule mwanamume akiwaongoza kwa mluzi na mkewe akitembea kando ya dirisha letu. Nilishika usukani ambao haukuwa na kazi. Tulipotaka kuwapa chochote walikataa. Mwanamume alisema, "Nendeni mkazike." Tulifika Kimali jua linazama. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha.

Tulimzika kesho yake mchana. Watu walikuja wengi. Kila aliyetupa pole alisema lilelile: ni mvua, mngefanyaje, mvua haina mwenyewe. Wazee wawili watatu wa ukoo walikwenda mbali zaidi. Walisema mvua ile kaileta marehemu mwenyewe, kwa sababu mtu mwema akiondoka huwaachia watu wake maji. Niliyapokea maneno hayo yote, nikayavaa. Hakuna aliyeuliza habari za matairi. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya boma, tope limeliganda hadi madirishani, na watoto waliandika majina yao kwa vidole. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyejua, naye alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wafiwa, na hata angetaka kunisema asingeweza.

Huo ndio mzigo ulionilemea kuliko yote. Laiti angekuwa na maneno angenigombeza, ningelia, yakaisha.

Tuliporudi Bariadi baada ya matanga, nilikaa siku nne bila kuwasha gari. Siku ya tano nilimletea chai, nikakaa chini mbele yake, nikasema, "Nilikusikia dukani. Nilijua umesema hapana. Nilisikia mara zote mbili." Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaelekeza fimbo kwenye gari. "Haya," alisema.

Hatukurudi kwenye duka lile. Tulikwenda kwa fundi mmoja wa pancha hapo hapo Somanda, mama wa makamo aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, ambaye huuza pia matairi mapya machache na yaliyotumika kidogo. Yale mapana aliyachukua yeye, akasema yatamfaa mtu wa kutembelea lami ya Maswa na Lamadi. Ringi zetu za zamani zilikuwa bado stoo.

Siku ile nilishinda pale na sikukaa kivulini. Nilimshika mume wangu kiwiko, tukapita tairi moja baada ya jingine. Alikwenda moja kwa moja kwa yale membamba, marefu, ambayo madereva wa zamani huyaita saba-hamsini. Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Hilo linakata tope kama kisu linatafuta ardhi ngumu chini," aliniambia. "Mbuga yetu kwa chini ni ngumu, mama, hasa mvua ikiwa bado changa. Lile pana linabaki juu linacheza ngoma. Ila ukienda kwenye mchanga wa mtoni, hilohilo jembamba litakuzika, kwa hiyo pale upunguze upepo."

Mume wangu alilaza kidole gumba kati ya kashata na kashata. Kilizama chote, kikageuka. Akachukua mkono wangu, akalaza kidole changu palepale. Akaniangalia mpaka nikaitika. Alibonyeza ubavu wa tairi kwa goti la mguu mzima. Kisha akagonga mahali fulani ubavuni, ambapo pana tarakimu nne ndani ya duara dogo, akanitazama tena. Sikuelewa.

"Anataka umsomee wiki na mwaka lilipotengenezwa," alisema fundi. "Tairi ni kama maharage. Likikaa miaka mingi dukani, hata kama ni jipya, linakuwa gumu. Litapasuka."

Nikamsomea la kwanza. "Yaya." La pili. "Yaya." La tatu akafikiri kidogo, akaligeuza, akaona ufa mwembamba kama unywele karibu na ringi. "Yaya." Fundi alicheka kwa heshima akaingia ndani kutafuta mengine. Tulimaliza kuyapata manne saa kumi jioni. Yalipofungwa, aliingiza mkono kati ya tairi na madigadi, akaingiza na kifundo cha mkono. Nami nikaingiza wangu.

Gari lilionekana la kishamba tena. Hakuna aliyepiga mluzi stendi.

Masika yale nilipita kwenye mbuga ile mara nyingi. Sikuwa nikipita bila hofu, na mara mbili nilikwama, kwa sababu hakuna tairi linaloshinda kila tope. Lakini nilikuwa naona kashata zikitema mabonge nyuma, nikajua kinachoendelea chini yangu, na aliyekaa pembeni yangu alikuwa akigonga dashibodi kwa kidole nilipotakiwa kupunguza mwendo. Nilipunguza kila alipogonga. Wale waliotuvuta tuliwapelekea chumvi na sukari, na hadi leo tunasimama kwao tukipita.

Mwaka ulipogeuka nilikwenda Kimali kumsaidia wifi yangu kupukuchua mahindi. Tulikuwa wawili tu uani. Nilimweleza yote: duka, kicheko changu, vidole vya mume wangu. Sikumwomba anisamehe. Nilitaka tu awepo mtu mwingine anayejua. Aliendelea kupukuchua hindi lile hadi likaisha.

"Mama alimwita hadi saa nane," alisema hatimaye. "Aliita jina lake la utotoni. Nilikuwa najiuliza nikwambie au nisikwambie."

"Ni vizuri umeniambia."

"Sikukwambia kwa wema," alisema, na akanisogezea mahindi mengine. Tulifanya kazi hadi jioni. Wakati wa kuondoka alinifungia unga na njugu kama kawaida yake, akanisindikiza hadi garini, lakini hakunishika mkono.

Njia nzima nilifikiri kama nimwambie mume wangu. Ingekuwa rahisi kunyamaza, kusema anachoka upesi, kumwamulia tena lipi alisikie na lipi asilisikie. Nilipofika nilimkuta amekaa mlangoni. Nikamwambia lile jina la utotoni, na kwamba mama yake alilitaja hadi saa nane. Machozi yalimtoka macho yote mawili, lakini upande mmoja tu wa uso wake ndio uliolia. Nilikaa kwenye kizingiti pembeni yake. Baada ya muda alijaribu kulitamka jina lile yeye mwenyewe. Lilimchukua majaribio mengi, silabi ya kwanza ikitoka na ya pili ikikwama, nami sikummalizia.